Birika Lisilokuwapo

Theopista alijiponza mwenyewe. Hakuna aliyemwita wala aliyemuuliza, alinyoosha mkono mbele ya mkutano wa watu kumi na mmoja, akasema, "Kompyuta inaweza kulichora."

Ulikuwa mwaka wa themanini na moja, hapa Dar es Salaam, wakati sabuni ilipopatikana kwa kujuana na dawa ya meno kwa bahati. Theopista alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa watu wa Kibosho walioshuka Kariakoo kuuza vitunguu na viazi kwa jumla. Yeye vitunguu vilimshinda. Alipenda hesabu, nazo hesabu zikampeleka ng'ambo kusoma, zikamrudisha, zikamweka ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na Posta, kwenye kituo cha kompyuta kilichochapa orodha za mishahara za mashirika ya umma. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu. Ilijaza chumba kizima na kupulizwa baridi kutwa kucha kama bibi harusi, huku binadamu wa vyumba vya jirani wakijipepea kwa mafaili.

Wageni wa siku hiyo walitoka Shirika la Vyombo vya Nyumbani. Kwa kifupi lilijiita SHIVYO. Wenye ndimi kali mjini waliliita Sivyo. Walikuwa wamekuja kwa mambo ya stoo, lakini meneja wao wa biashara alikuwa na jambo limemkaa kooni. Baada ya wiki tano kungekuwa na maonyesho ya viwanda katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na shirika lilikwisha kutangaza kwamba litaonyesha birika jipya la alumini, lililobuniwa na mhandisi wake mwenyewe. Ila birika hilo lilikuwa bado ni mistari juu ya karatasi. Kalibu ya kulitengenezea ilikuwa ingali baharini, na hakuna aliyejua bahari gani.

"Mpiga picha hawezi kupiga picha ya kitu kisichokuwapo," alilalamika yule meneja. "Basi tumempa kazi mchoraji mmoja wa Kariakoo, fundi Fikirini, atuchoree kwenye ubao."

Hapo ndipo Theopista aliponyoosha mkono.

Ndugu Eliakimu, mkuu wa kituo, alimtazama kama mtu anayemwona mbuzi akipanda ngazi. "Kompyuta yetu," alisema taratibu, "inachapa majina na namba."

"Ndiyo, ndugu. Lakini hata mwanga unahesabika."

Watu wakacheka. Meneja wa biashara hakucheka. Picha iliyochorwa na kompyuta, kwenye banda lake, siku ya ufunguzi! Chai haijapoa, kazi ilikuwa imetoka mikononi mwa fundi Fikirini na kumwangukia Theopista, pamoja na ruhusa ya kutumia mashine Jumamosi mchana, baada ya ofisi kufungwa.

Tamaa hiyo haikumwanza siku ile. Alipokuwa masomoni alionyeshwa picha ya kikombe, kikombe cha kawaida tu, kina kivuli ubavuni na tone la mng'aro mdomoni. Mwalimu akawaambia kikombe hicho hakijawahi kuwapo duniani. Kimetoka kwenye hesabu. Theopista hakulala vizuri kwa siku tatu. Tangu hapo rafiki mmoja aliyebaki kule alimtumia kwa posta makala za watafiti wa mambo hayo, naye alizisoma wakati wenzake wakila maandazi. Kiini chake hakikuwa kigumu kukieleza. Unachukua kitu, unakigawa nukta nukta, na kwa kila nukta unauliza: mwanga kiasi gani unatoka hapa kuja jichoni? Ukijibu swali hilo mara laki moja, umepata picha. Ugumu uko kwenye kujibu.

Jumamosi ya kwanza alijibu kama kitabu kilivyomfundisha. Aliwasha taa moja ya kubuni juu ya birika la kubuni. Upande unaotazama taa ukang'aa, upande wa pili ukafifia, na penye mkunjo akaweka doa la mng'aro. Mashine ya kuchapa haikujua rangi, ilijua herufi tu. Kwa hiyo peupe iliacha wazi, pa kijivu ikaweka nukta au O, na peusi ikapiga M, kisha W juu yake, kisha X juu ya zote mbili, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Ukisimama karibu unaona fujo ya herufi. Ukirudi nyuma hatua kumi, herufi zinayeyuka na kitu kinatokea.

Aliyeisimamia mashine hiyo alikuwa Blandina, mama wa Kimatengo mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Alirudi nyuma hatua kumi, akakunja mikono, akatazama.

"Zuri," alisema. "Nimeona mdomo, nimeona kifuniko. Sasa niambie, mama, kwa nini ni la mpira?"

Theopista akatazama. Kweli lilikuwa la mpira. Lilikuwa jororo, limevimba, linang'aa kama ndala iliyolowa. Jumatatu Ndugu Eliakimu aliitazama picha hiyo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wiki mbili," alisema. "Baada ya hapo nawarudishia mchoraji wao."

Jioni hiyo Theopista hakupitia njia yake ya kawaida kwenda nyumbani Mtaa wa Sikukuu. Aliikunja picha kwapani, akakata kona mpaka Tandamti, ubavuni mwa soko, kwenye kibanda kilichozungukwa na mabango ya mabucha na vinyozi. Fundi Fikirini, mtu wa Lindi, umri wake unakaribia hamsini, mwembamba, kofia imempendeza, alikuwa ameketi na brashi zake zikiwa zimelala kwenye kopo la mafuta ya taa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Karibu. Unataka bango?"

"Hapana. Mimi ndiye Theopista. Wa kompyuta."

Fikirini alimpima kuanzia viatu mpaka nywele. "Ahaa. Kumbe ndiye wewe uliyenipokonya tonge mdomoni."

"Ndiye mimi. Na tonge lenyewe limenikwama." Akaifungua picha, akaiegemeza kwenye bango la bucha, akamwomba arudi nyuma hatua kumi. Fundi alirudi, akaingia karibu barabarani, akapigiwa kengele na mwenye baiskeli, akarudi tena.

"Hii ni nini?"

"Birika la alumini."

"Alumini siioni. Naona ndimu yenye mkonga."

Theopista alicheka hata machozi yakamtoka, na kwa kuwa alicheka badala ya kununa, fundi naye akalegea. Akaita kibanda cha pili, "Bi Zena! Niazime ile sufuria yako ya majivuno!"

Zena aliuza wali na maharage kwa wachukuzi wa soko, na sufuria zake zilijulikana mtaa mzima. Alizisugua kwa mchanga na majivu kila alasiri mpaka ukaweza kujitazama ukasuka nywele. Aliileta moja akiwa ameishika kama mtoto mchanga. "Ikipata mkwaruzo, mtanipikia nyinyi."

Fikirini aliiweka juu ya stuli. "Binti, niambie rangi ya sufuria hii."

"Nyeupe. Hapana, kijivu."

"Tazama sufuria, usitazame unachokijua."

Theopista akachutama. Juu kulikuwa na utepe wa buluu, mbingu hiyo. Chini yake paa la soko, lile lenye miavuli mikubwa ya zege, limepindwa kama ndizi. Kisha ukuta wa njano wa duka la ng'ambo ya barabara, khanga nyekundu ya Zena, na katikati yeye mwenyewe, pua kubwa kuliko kichwa. Alumini yenyewe hakuiona popote. Fundi akavuta kaniki iliyofunika mabango yake, akaizungushia sufuria pande zote, akaacha tundu la kuchungulia tu. Mng'aro ukafa. Ikabaki nyeusi kama chungu cha jikoni.

"Umeona? Chungu cha udongo kina rangi yake. Kitambaa kina rangi yake. Sufuria haina, inaazima kwa majirani. Mimi nikitaka kuchora sufuria, nachora mtaa, halafu naupinda."

Theopista alibaki amechutama barabarani, watu wanampita kulia na kushoto. Alikuwa ameliweka birika lake mahali patupu, pasipo mbingu wala ukuta wala mtu, pana taa moja tu inayoning'inia. Lingeonyesha nini? Katika zile makala palikuwa na kurasa juu ya jambo hilo hilo: ulichukulie birika kuwa liko katikati ya tufe kubwa, na ndani ya tufe hilo pamechorwa dunia yote inayolizunguka, kisha kwa kila nukta ya birika ufuate mwanga unaoruka, uone umegonga wapi kwenye mchoro huo. Alikuwa amezisoma kurasa hizo mara tatu asizielewe. Sasa alizielewa zote kwa mara moja, na miguu ilikuwa imemfa ganzi.

"Fundi," alisema alipoinuka, "kwa nini umenionyesha? Ningeshindwa, kazi ingerudi kwako."

Fikirini alitazama chini, akaizungusha kofia kichwani. Akachukua kopo moja, akaligeuza juu chini, halikutoka kitu. "Rangi nyeupe sijaitia machoni tangu mfungo. Nyeusi ninayo ya kuandikia jina la kinyozi, tena awe na jina fupi. Lile birika lao ningelipaka kwa nini, kwa mate? Nilikubali kwa aibu ya kukataa. Walipoghairi, nilikasirika mchana, usiku nikalala usingizi mnono."

Wakacheka wote watatu. Hapo hapo wakapatana: Theopista angepiga hesabu, Fikirini angechora dunia ya kulizunguka birika, na majina yote mawili yangeandikwa chini ya picha.

Jumapili baada ya misa walikutana kwenye kona, penye stuli na sufuria ya Zena, wakiwa na karatasi ya miraba waliyoiunga kwa gundi. Ilikuwa na miraba mia nane. Kazi ya Fikirini ilikuwa kuugawia kila mraba kipande chake cha mtaa, kuanzia mbinguni mpaka lami, na kuandika namba, sifuri kwa giza totoro na tisa kwa weupe unaoumiza macho. Mbingu haikuwapa taabu. Ukuta wa njano ndio uliowagombanisha.

"Sita," alisema Fikirini.

"Saba, fundi. Tazama jua linavyoupiga."

"Nane hiyo!" akadakia mchukuzi aliyekuwa akipita na gunia. Mwingine akasimama, akasema sita na nusu. Nusu saa haijaisha, watu kumi na tano walikuwa wamezunguka stuli wakibishania weupe wa kuta zao kama wanaobishania mpira, na ilibidi wasukumwe kila mara kwa sababu vivuli vyao vilikuwa vinaingia kwenye hesabu.

Mwenye duka moja alitoka mbio, tasbihi mkononi. "Mnapima nini? Mtaa unabomolewa?"

"Hapana, mzee. Tunatafuta mwanga," alijibu Theopista.

"Mwanga?" Mzee akasogea karibu, akashusha sauti. "Mimi sikusema kitu. Lakini mkimaliza hapa, nyumba ya tatu kushoto, yule anayefagia uwanja kabla ya alfajiri, huyo muulizeni vizuri."

Fikirini alilazimika kuketi chini. Ilichukua muda kumweleza mzee kwamba mwanga wanaoutafuta ni huu wa jua, wala si mchawi, naye akaondoka hana imani nao sana.

Theopista alizitoboa namba zote mia nane kwenye kadi za kompyuta jioni baada ya kazi, wiki nzima. Jumamosi ikafika. Karatasi mpya hazikuwapo, kwa hiyo Blandina alileta orodha za mishahara za zamani, zikachapwa upande wa nyuma. Mashine ilinguruma tangu saa saba mchana. Ilitoa mkanda mmoja, ukafuata wa pili, mpaka ikafika mikanda saba mirefu, kwa maana safari hii birika lilikusudiwa kumzidi mtu kimo. Waliitandaza kwenye korido, wakaiunga, wakaisimamisha ukutani. Fikirini alikuwa amealikwa. Alikuja na kanzu safi kama anayekwenda kwenye nikahi.

Wakarudi nyuma hatua kumi, wakafika kumi na tano. Ukutani palikuwa na bati. Lilikuwa baridi, gumu, lenye utepe mweupe wa mbingu begani na giza la barabara tumboni, na paa la soko likiwa limelizunguka kiuno.

"Yesu na Maria," alisema Blandina kwa sauti ndogo asiyokuwa nayo kawaida.

Fikirini peke yake ndiye aliyekunja uso. Alisogea kushoto, akasogea kulia. "Umelihamisha soko."

"Vipi?"

"Soko liko kulia kwangu nikitazama sufuria. Hapa liko kushoto. Umetia Tandamti mahali pa Mtaa wa Mkunguni. Na huu mpini, je? Mhandisi kaandika mpini wa mti. Mbona huu ni wa bati?"

Yote mawili yalikuwa kweli. Kosa la soko lilikuwa ni alama moja ya kutoa iliyosahauliwa kwenye kadi moja kati ya mia sita, nayo Theopista aliipata kabla chai haijaletwa. La mpini lilimpendeza zaidi, maana dawa yake alikuwa nayo tayari. Mti haurushi mwanga kama kioo. Unaupokea na kuutawanya pande zote. Hesabu ile ya kwanza, iliyowachekesha watu kwa birika la mpira, ndiyo iliyofaa hapa. Akaichomoa kwenye sanduku la kadi, akaifuta vumbi, akaitia kwenye mpini.

"Lakini mti uliopigwa vanishi una ujanja wake," Fikirini alisema. Alimvuta mpaka kwenye meza ya Ndugu Eliakimu, meza ya mninga. "Simama uitazame kwa juu. Unaona nini?"

"Mbao."

"Sasa inama, weka jicho sawasawa na ubao wake, utazame kuelekea dirishani."

Theopista akainama. Mbao ilitoweka. Meza yote ilijaa dirisha, nyeupe kama maji ya bonde la Jangwani wakati wa masika. Kitu kile kile, kikitazamwa kwa ubavu, kinageuka kioo! Akakimbilia makala zake. Palikuwa na ukurasa mmoja uliojaa alama za kutisha, ambao aliuruka tangu siku ya kwanza akijisemea kwamba si muhimu. Ulikuwa unaeleza jambo hilo hilo: kadiri unavyotazama kwa mshazari ndivyo kitu kinavyoakisi zaidi. Akaketi kwenye kiti cha mkuu wake na kuanza kuufanyia kazi, huku Fikirini akizunguka chumba kukagua mng'aro wa kila kitu, pamoja na upara wa mwenyekiti wa zamani kwenye picha ya ukutani.

Jumamosi iliyofuata picha ilikamilika. Fikirini alikata mbao nyembamba kwa umbo la birika, akaibandika mikanda juu yake kwa uji wa ngano bila mkunjo hata mmoja. Wakaibeba mpaka Mnazi Mmoja juu ya mkokoteni, imefunikwa kwa kaniki, wakaisimamisha ndani kabisa ya banda la SHIVYO, mahali penye mwanga wa wastani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku ya ufunguzi, mapema, mama mmoja wa Ilala mwenye kitenge cha kijani alikuwa akikatiza viwanja na kikapu chake. Alitupia jicho bandani. Akasimama. Hakumuuliza mtu, alijipanga mlangoni, akaweka kikapu chini. Wa pili akaja akajipanga nyuma yake. Miaka ile ukiona watu wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake, unakuwa wa tatu kwanza, kuuliza baadaye. Saa nne foleni ilikuwa imelizunguka banda la viatu. Saa tano ilikuwa imetoka nje ya viwanja na kushika njia ya Mtaa wa Lumumba, na huko nyuma wengine walikuwa wameambiwa ni sukari.

Ndugu Eliakimu alifika na suti yake ya Kaunda, akaanza kutokwa jasho. "Wanangoja nini hawa?"

"Mabirika," Theopista alijibu.

"Mabirika yapi?"

"Lile."

Meneja wa biashara alikuwa ameingia nyuma ya banda, hatoki. Mgambo wawili walikuwa wakiuliza nani mwenye dhamana. Mtu mmoja alipaswa kusema, na Theopista akaona hapana budi awe yeye. Alipanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Wazee wangu, mama zangu! Tusameheane. Hapa hakuna mabirika. Lile mnaloliona ni picha."

Mngurumo ukaanza katikati ya foleni. "Picha! Tunapewa picha ya chakula tushibe kwa macho!" Mwingine akasema, "Lile mle ndani ni bati, mimi nimeliona kwa macho yangu, wameficha kwa ajili ya wakubwa!"

"Niacheni niliguse," alisema mama wa kitenge cha kijani. Alikuwa wa kwanza tangu saa mbili asubuhi, na haki yake hakuna aliyeipinga. Aliingia, watu wakinyoosha shingo. Alitembea kuelekea lile birika, na alivyokaribia ndivyo hatua zake zilivyopungua. Alipeleka kiganja tumboni mwa birika. Karatasi. Akachungulia nyuma, mbao na uji wa ngano. Akarudi mbele, pua ikakaribia kugusa, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, "M... O... X... M... Wenzangu! Ni herufi tupu!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kikapu chake. Kicheko kikatoka mlangoni, kikapita foleni mpaka Lumumba, na foleni haikuvunjika. Ilibadilika tu nia. Sasa kila mtu alitaka kuingia, kulisogelea birika mpaka life, na kurudi nyuma mpaka lifufuke. "Rudi, rudi, hapo ulipo utaona herufi! Rudi hatua kumi!" walielekezana wenyewe. Kijana mmoja akapiga kelele kwamba anaona soko. Mchukuzi mmoja akaapa kuwa ukuta ule ni nane na yeye ndiye aliyeutaja. Fikirini, kanzu imenyooka, alisimama kando akiwaeleza watu habari za mwanga na za mshazari kwa madaha makubwa, kana kwamba hesabu nazo alizibuni yeye, naye Theopista alimwacha aseme, maana alisema vizuri kuliko makala.

Mama wa Ilala alipopata pumzi alimwendea meneja, ambaye sasa alikuwa amejitokeza. "Sawa, tumeona. Lenyewe litakuja lini?"

"Kalibu ikifika, mama."

"Basi niandike. Nisije nikaja nikaambiwa yameisha."

Likatafutwa daftari. Aliandikwa yeye wa kwanza, akafuata wa pili wake, na hivyo mpaka jua lilipokaribia kuzama. Majina yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Ndugu Eliakimu aliandika hamsini kwa mkono wake, kisha akatia na lake.

Daftari hilo likapelekwa wizarani. Meneja akasema ndilo lililoiibua kalibu bandarini. Huenda ni kweli, huenda meli ilikuwa imefika zamani. Vyovyote iwavyo, mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimeanza, mabirika yalitoka. Yalikuwa madogo kidogo, na vifuniko vyake vilihitaji kubembelezwa. Waliokwenda Mnazi Mmoja walipoyaona madukani waliyageuza geuza, wakasema lile la kompyuta lilikuwa bora zaidi. Hata hivyo waliyanunua yote.

Fikirini alipewa na shirika makopo mawili ya rangi, jeupe na jeusi, akatembea nayo Tandamti nzima ameyakumbatia, akisimama kila kibanda kusalimia watu ambao kwa kawaida hakuwasalimia. Theopista alipewa barua. Ndugu Eliakimu aliiandika mwenyewe kwa mashine ya taipu: mashine ya kituo, kila Jumamosi mchana, itatumiwa na Ndugu Theopista kwa utafiti wa mwanga. Alipomkabidhi alikohoa, akasema, "Ile hesabu ya meza yangu... siku moja nieleze. Kila asubuhi nainama kuitazama, na Blandina anadhani naumwa mgongo."

"Sasa tufanye nini?" Theopista alimuuliza Fikirini Jumapili moja. "Bati tumelipata. Mti tumeupata."

Fundi alifikiri. "Samaki," alisema. "Samaki mbichi. Ana magamba kama bati, ana ngozi kama kitambaa, na juu yake ana maji kama vanishi. Ukimweza samaki, umeiweza dunia."

Asubuhi yake, kabla ya kazi, walikuwa soko la samaki la Feri, Kivukoni, wamesimama mbele ya meza ya mnadishaji. Walimtazama kolekole mmoja kwa muda mrefu, wakiinama huku, wakiinuka kule, Theopista akinong'ona namba na Fikirini akiziandika.

"Mnanunua au mnafanya ziara?" mnadishaji akawauliza. "Samaki anaona haya."

Wakamnunua. Walimlaza juu ya bati lililolowa pembeni ya ukuta, penye jua la saa moja, wakafungua karatasi ya miraba. Kila alipoanza kukauka Theopista alimmwagia maji, na kila alipomwagiwa maji namba zote zilibadilika, wakaanza upya. Ilipofika saa mbili kasoro robo walikuwa na miraba kumi na minne, tena mitatu ya hiyo walikuwa wakiibishania.

"Huyu hamaliziki leo," alisema Fikirini, akikunja karatasi kwa uangalifu. "Tumpelekee Zena ampike. Kesho tutanunua mwingine."